Katekista Liévin na Chanzo cha Ubaya

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mtu akitaka kujua jambo lolote la dini, kuanzia majina ya mitume hadi kama msafiri anaruhusiwa kula nyama siku ya Ijumaa Kuu, anaelekezwa kwa Papa Liévin. Papa Liévin humkaribisha, huvaa koti lake, kisha ndipo hujibu. Bila koti hajibu swali la dini. Mke wake, Mama Annie, amekwisha zoea kumwona akitoka kuoga na taulo kiunoni, akisikia mlangoni mtu anauliza habari za Utatu Mtakatifu, na kurudi mbio chumbani kutafuta koti.

Babu yake alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kujenga reli. Baba yake alifanya kazi kwenye reli hiyo hiyo. Yeye alifundisha shule ya msingi hadi alipozeeka, na katekista amekuwa tangu ujana wake. Ni mtu mwema, na nalisema hilo mapema ili msomaji asiharakishe kumhukumu. Huwatembelea wagonjwa ambao hata ndugu zao wamewachoka. Kwenye matanga ya maskini huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kasoro yake ilikuwa moja, na jirani wote tuliijua isipokuwa yeye mwenyewe: hakuweza kuvumilia kutojua.

Kwa hiyo unaweza kuelewa jinsi Mama Syntiche alivyomvuruga.

Mama Syntiche huuza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara, na sauti yake inafika mbali kuliko moshi wa makala hayo. Alijiandikisha kwenye mafundisho ya watu wazima kwa sababu watoto wake wote walikuwa wamebatizwa, naye alichoka kubaki peke yake kwenye benchi wakati wa komunyo, akilinda viatu na mikoba ya wengine. Jioni moja, Papa Liévin alipokuwa akieleza habari za uumbaji, mama huyo alinyoosha mkono.

"Papa Liévin, mi niko na kaulizo. Mungu aliumba bitu byote?"

"Byote, Mama."

"Na byote bilikuwa bizuri?"

"Njo vile inaandikwa."

"Sasa ubaya ilitoka wapi?"

Papa Liévin alitabasamu. Swali hilo alikuwa amelijibu mara nyingi. Akasema lilikuwa jambo la nyoka. Mama Syntiche akataka kujua nyoka aliumbwa na nani. Papa Liévin akasema ndani ya nyoka alijificha malaika aliyeanguka. Mama Syntiche akafikiri kidogo, akauliza huyo malaika ubaya ulimwingia kwa mlango gani, ikiwa wakati ule ubaya wenyewe haukuwako bado pahali popote. Wanafunzi wakacheka. Papa Liévin akaangalia saa yake, akasema jambo hilo ni refu, na kwamba jibu atalitoa baada ya sikukuu ya kipaimara, maana wakati huu wote tulikuwa tukijiandaa kumpokea askofu.

Alienda nyumbani akiwa hana raha. Kesho yake akamwendea Abbé, paroko wetu, ambaye alisoma sana na anapenda kuulizwa. Abbé alimweleza kwamba tangu zamani wenye hekima wa Kanisa wamefundisha kuwa ubaya si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu, ni pahali ambapo palipaswa kuwa na wema nao haupo, kama shimo kwenye barabara. Hakuna aliyetengeneza shimo kama anavyotengeneza kiti, lakini gari likipita linavunjika. Papa Liévin alifurahia shimo hilo kuliko zawadi. Alilibeba hadi nyumbani na kumwonyesha mke wake. Mama Annie, aliyekuwa akisonga bukari, ugali wa kwetu, alisikiliza hadi mwisho, akauliza nani basi anachimba. Papa Liévin akamwambia aangalie bukari isiungue.

Sasa lazima niwajulishe kwa Donat.

Donat ni katekista mwenzake, anayehudumia kapela ndogo ng'ambo ya mtaa wetu. Yeye ni fundi wa kuchomea vyuma, hutengeneza milango na mageti ya nyumba kubwa za mtaa wa Golf, na umri wake ni kama wa mdogo wa mwisho wa Papa Liévin. Ana mzaha. Mafundisho yake yanasikika kutoka nje kwa sababu ya vicheko, na watu humo hujifunza wakiwa hawajui kwamba wanajifunza. Papa Liévin alisema mara nyingi kwamba Donat ni kijana mzuri, ila angepunguza kidogo. Kupunguza nini, hakusema.

Miongoni mwa wanafunzi wa Donat alikuwemo mzee mmoja, Chomba, ambaye sote humwita Nkambo, yaani babu. Maisha yake yote alitunza bustani za watu kule Golf. Alibatizwa utotoni karibu na Mokambo, kwenye mpaka wa Zambia, lakini kipaimara kilikuwa kinamkwepa tangu zamani hizo. Mara familia ilihama, mara alikuwa kitandani na homa, na mara moja tajiri wake aliandaa harusi siku ile ile na kumkatalia ruhusa. Aliyemshawishi ajaribu tena ni Papa Liévin mwenyewe. Alimtembelea kwa miezi mingi, akamwandikisha darasani mwake, akamkalisha mbele. Kisha mzee akaomba kuhamia kwa Donat. Kapela ilikuwa karibu zaidi na nyumba yake, alisema, na miguu ilikuwa inamuuma. Halafu akaongeza, kwa sababu wazee hawajui kunyamaza kwa wakati, kwamba kule pia wanacheka.

Papa Liévin alimtakia heri.

Misa ya kipaimara ilipangwa Jumapili, karibu na adhuhuri. Jumamosi mchana Abbé akampigia Papa Liévin simu. Ratiba ya askofu ilikuwa imebadilika, alitakiwa pahali pengine, na misa sasa itaanza asubuhi, mara tu baada ya jua kutoka. Wengine wote walikwisha ambiwa. Donat peke yake hapatikani; upande wake umeme ulikuwa umekatika tangu katikati ya juma na simu yake imezimika. Abbé akamwomba Papa Liévin amfikishie habari, kwa kuwa ni karibu.

Papa Liévin akasema ndiyo. Akapiga simu ya Donat mara moja ili kuhakikisha. Ilikuwa imezimwa kweli. Akavaa koti, akatoka.

Hakufika mbali. Kwenye njia panda, pale kwenye mashine ya kusaga unga, alikutana na Donat mwenyewe akirudi kutoka mazoezi ya mwisho, amezungukwa na watu wake. Nkambo Chomba alikuwa pembeni yake, amevaa shati jipya jeupe alilolishonesha kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa akilijaribu tu, alisema, ili shingo yake ilizoee. Donat alipomwona mkubwa wake akamwamkia kwa heshima, akimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, kisha mzaha ukamponyoka:

"Yaya Liévin, koti na hii joto yote? Munaenda kuzika nani?"

Watu wakacheka. Nkambo naye akacheka, tena kwa kikohozi, akimshika Donat mkono ili asianguke.

Papa Liévin alikuwa na maneno yote mdomoni. Yalikuwa machache na mepesi: misa ni asubuhi. Alifungua mdomo, na yaliyotoka ni haya:

"Ninanyorosha miguu tu. Tutaonana kesho."

"Kesho, Yaya, Mungu akipenda," akasema Donat.

Wakapita.

Ningependa kuwaambia kwamba Papa Liévin alitembea kurudi nyumbani akijuta. Baadaye yeye mwenyewe alinikataza nisiseme hivyo. Alitembea akisikia utamu, kitu kama pipi chini ya ulimi. Hakuwa na mpango wowote. Alijiambia atarudi kumwambia Donat baada ya kula. Akala, tena akaongeza mboga. Baada ya kula mvua ikanyesha kidogo, naye akaogopea koti. Baada ya mvua akawa amechoka. Akajiambia kwamba Donat ni mtu mwenye watu wengi, mmojawapo atakuwa amesikia habari. Akalala vizuri. Ni usingizi huo ambao baadaye ulimtisha kuliko mambo yote.

Asubuhi askofu alifika, akaadhimisha misa, akawapaka mafuta waliokuwepo, akaomba radhi kwa haraka yake, akaingia garini. Vumbi la gari lilikuwa halijatua wakati kundi la Donat lilipotokea upande wa pili, wote wamevaa nyeupe, wanaimba wimbo wa kuingia. Waliimba hadi mlangoni. Hapo wakaona viti vinakusanywa, na wimbo ukawafia mdomoni, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mama mmoja wa nyuma asiyeona kilichotokea.

Abbé alitoka akiwa amekunja uso. Mbele ya watu wote akamuuliza Papa Liévin kama hakumfikishia Donat habari.

"Nilimupigia telephone, Abbé," akasema Papa Liévin. "Ilikuwa fermé."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ukiyatenga moja moja huwezi kupata uongo hata kidogo. Na aliyethibitisha ukweli huo ni Donat.

"Ni vile, Abbé. Courant haiko kwetu. Ningekuja mi mwenyewe kuuliza. Yaya Liévin, munisamehe, niliwasumbua bure."

Kisha akawageukia watu wake akaomba msamaha, safari hii bila mzaha. Nkambo Chomba alikuwa amekaa kwenye ngazi, anafungua polepole kifungo cha shingo. Mwishoni mwa mwezi huo alikuwa anahamia Mufulira, ng'ambo ya Mokambo, kwa binti yake Mwaba, kuishi huko siku zake zilizobaki. Hakulalamika. Alisema tu kwamba shati lenyewe lilikuwa linambana.

Papa Liévin alirudi nyumbani na utamu wa jana haukuwapo tena. Akaanza kutafuta ulikotoka. Ni lazima nimsifu hapa: mtu mwingine angetafuta pahali pa kuuficha. Yeye alikuwa ameahidi darasa jibu kuhusu chanzo cha ubaya, na sasa alikuwa na ubaya mbichi, wa nyumbani, ambao angeweza kuuchunguza akiwa ameketi.

Akaanza na Donat. Ule mzaha wa koti ulikuwa wa kuudhi. Lakini alikwisha sikia mizaha mibaya kuliko huo, na mingine ilitoka kwa Donat huyo huyo, wala hakudhuru mtu. Akahamia kwa marehemu baba yake, ambaye alimpiga kwa mkanda kila alipokuwa wa pili darasani. Hapo alikaa siku nzima, akaanza hata kujihurumia. Kisha akamkumbuka mdogo wake Fils, aliyepigwa kwa mkanda huo huo, tena zaidi, kwa sababu yeye alikuwa wa mwisho. Na Fils leo ni kinyozi kule Kamalondo, mtu mpole hata wateja wanasinzia mikononi mwake. Baba akaachiliwa. Akajaribu shimo la Abbé, lakini nalo halikumtosha. Pale njia panda hakupungukiwa na kitu. Maneno alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo, na Donat alisimama mbele yake anamtazama usoni. Upungufu gani huo wenye ladha ya pipi? Lakini alipofikiri zaidi aliona kwamba kimya chake kilikuwa shimo kweli, na Nkambo ndiye aliyetumbukia.

Mwishowe akabaki na mshukiwa wa zamani. Jioni, Mama Annie akiwa anachambua matembele, Papa Liévin alimsimulia yote, na kumaliza kwa kusema kwamba Shetani ndiye aliyemshika ulimi.

Mama Annie, ambaye humwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alichambua majani kadhaa kabla ya kujibu.

"Papa Chance, Shetani iko na kazi mingi. Iko na bita, iko na bale banakula mali ya inchi. Ataacha yote ile akuje Katuba, kwa njia ya mashini ya unga, juu ya saa ya misa ya Donat?"

Papa Liévin akasema Shetani anaweza kuwa kila pahali.

"Hapana. Kila pahali ni Mungu peke yake. Weye mwenyewe njo ulitufundisha."

Mama Annie akamsogezea nusu ya majani, wakachambua pamoja. Baada ya muda akamwambia kwamba Donat huanza kazi mapema, na kwamba asubuhi hakuna watu wengi pale.

Umeme ulikuwa umerudi upande ule. Papa Liévin alimkuta Donat ameinama juu ya geti, cheche zinaruka. Alingoja hadi amalize.

"Donat, ile siku kwa njia panda, mi nilikuwa najua saa ya misa. Abbé alinituma kwako."

Donat alivua miwani ya kazi. "Juu ya nini haukusema?"

"Sijue. Mulicheka. Nkambo naye alicheka pamoja na weye. Nikaona ni bizuri ninyamaze."

"Bizuri?"

"Ilikuwa tamu."

Donat alimtazama kwa muda mrefu. Akavaa miwani yake tena, akawasha mashine, akachomea upande mzima wa geti kutoka juu hadi chini. Papa Liévin alisimama amegeuzia moto mgongo, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Alifundisha miaka mingi, na wanafunzi wengi aliwasimamisha hivyo hivyo. Mashine ilipozimwa, Donat alisema kwamba hawezi kumwambia ni kitu cha bure, kwa sababu si cha bure, na kwamba wa kuombwa msamaha kwanza si yeye. Akaongeza kuwa alijiona mjinga, kuomba radhi mbele ya watu wote kwa mtu aliyekuwa anajua. Hilo alilisema kwa sauti ya chini.

Nkambo Chomba alikuwa nyuma ya nyumba yake, anakata vitawi vya mawaridi vya kupeleka Mufulira. Aliposikia habari alikasirika. Watu walizoea kumwona kama mzee asiye na neno, lakini siku ile alisimama akamwonyesha Papa Liévin njia kwa mkasi wa bustani, akamwambia atoke uani kwake. Papa Liévin akatoka. Kutoka hapo alienda kwa Abbé, akatubu. Walilosemezana sijui, wala si haki yangu kujua.

Kesho yake mjukuu wa jirani alitumwa kumwita. Nkambo alikuwa ameketi palepale penye mawaridi.

"Nilikasirika usiku yote," akamwambia. "Sasa nimechoka. Kaa."

Papa Liévin akakaa. Mzee akaeleza kwamba alimpigia binti yake simu, na binti alisema askofu wa upande ule atatoa kipaimara Mokambo siku chache zijazo. Mokambo iko njiani kwake. Ni jimbo jingine, lakini Abbé akizungumza na paroko wa kule itawezekana. Tatizo lilikuwa msimamizi wake, jirani ambaye hawezi kusafiri.

"Kwa hiyo ni weye njo utasimama mugongo yangu," akasema. "Utatia mukono kwa bega yangu, na hautaitoa mpaka askofu amalize."

Papa Liévin alisema hastahili. Nkambo akamjibu kwamba hakumuuliza jambo hilo.

Kabla ya safari kulikuwa na darasa. Wanafunzi walikuja wote, maana habari katika Katuba hazihitaji simu. Papa Liévin alisimama mbele, amevaa koti kama kawaida, akawaeleza alichokifanya bila kupunguza: njia panda, pipi, mboga aliyoongeza, usingizi. Akaeleza pia jinsi alivyotafuta chanzo na pahali alipokwama. Hakuna aliyecheka. Mwisho akamgeukia Mama Syntiche akamwambia kwamba aliahidi jibu, na hili ndilo alilo nalo.

"Basi haujue," akasema Mama Syntiche.

"Sijue, Mama."

Nadhani ni mara ya kwanza chumba kile kusikia neno hilo likitoka upande wa ubao. Mama Syntiche, ambaye kwa kawaida angelipokea kwa shangwe, aliangalia mikono yake iliyojaa weusi wa makala.

"Mi nilifikiri inatokaka mbali," akasema.

"Na mi pia," akasema Papa Liévin.

Kisha Mama Syntiche akataka kuelewa jambo moja la lazima: siku ya mtihani wa ubatizo, Abbé akimuuliza swali lile, ajibu nini. Papa Liévin alifikiri sana, akamshauri ajibu nyoka.

Walisafiri watatu kwenye gari la abiria, maana Donat naye alikuja kumsindikiza mwanafunzi wake. Nkambo alikaa katikati, na vitawi vyake vya mawaridi vimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, vikilowesha magoti ya wenzake wote wawili kwa haki. Hadi Kasumbalesa, Donat hakumsemesha Papa Liévin. Alizungumza na dereva, na Nkambo, na mama mmoja wa kiti cha mbele aliyekuwa akienda kununua mahindi. Malori ya madini yalikuwa yamepanga foleni hata mwisho hauonekani, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye meno. Papa Liévin alijaribu kueleza historia ya reli sehemu zile. Hakuna aliyemwuliza.

Kanisa la Mokambo lilikuwa limejaa. Wengine walivuka mpaka asubuhi hiyo kuja kusali na ndugu zao, na nyimbo za Kibemba zilipokezana na za Kiswahili. Nkambo alikuwa amevaa lile shati. Foleni ilisogea polepole, kwa sababu askofu wa kule hana haraka, huongea na kila mtu. Papa Liévin aliweka mkono kwenye bega la mzee. Alishangaa jinsi lilivyokuwa dogo. Chini ya kitambaa kipya aliusikia mfupa, na chini ya mfupa akaisikia ile pumzi fupi ya mtu ambaye miaka mingi amepanda ngazi za bustani za wengine. Mkono ulianza kufa ganzi. Hakuuondoa.

Walipofika mbele, askofu alimwuliza mzee jina alilochagua. Nkambo alifungua mdomo, akasahau. Alitazama juu, alitazama chini, akasema "Chomba." Askofu akatabasamu, akauliza tena. Papa Liévin akainama hadi sikioni mwake.

"Yosefu," akanong'ona.

"Yosefu," akasema Nkambo kwa sauti kubwa, kana kwamba alikuwa akilijua muda wote. Akapakwa mafuta.

Donat alikuwa pembeni akiimba na kwaya ya watu asiowajua. Papa Liévin aliporudi kwenye benchi alikuta ameachiwa nafasi. Ilikuwa nyembamba, lakini alikaa.

Mchana Mwaba, binti yake Nkambo, alikuja kumchukua baba yake. Walimsindikiza hadi kwenye kizuizi cha mpaka. Nkambo aliwaaga kwa ufupi, kwa sababu afisa mmoja alikuwa ameanza kuuliza maswali kuhusu mawaridi, naye alitaka kuyatetea akiwa na nguvu. Tulisikia baadaye kwamba alishinda.

Njiani kurudi gari liliharibika, na dereva akawaomba abiria wenye nguvu washuke wasukume. Donat na Papa Liévin walisukuma bega kwa bega. Gari lilipowaka, Donat alisema kwamba dereva hakukanyaga vizuri, na Papa Liévin akakubali. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu siku ile ya geti. Wakaendelea na habari za magari hadi mjini, kwa tahadhari, kama watu wanaobeba kitu cha kioo.

Mama Syntiche alibatizwa siku ya Pasaka. Abbé hakumwuliza habari za nyoka. Alimwuliza Amri Kumi, akakosea mbili, na Papa Liévin hakulala kwa aibu. Donat bado hajarudia kumtania mkubwa wake. Humwamkia vizuri, humwita Yaya, humletea vyuma vya kutengeneza madirisha ya kapela ili wapime pamoja. Lakini hamtanii, na Papa Liévin, ambaye zamani alitamani apunguze kidogo, wakati mwingine hupita mbele ya kiwanda chake bila shughuli yoyote na kusimama pale, akisubiri.

Nkambo hupiga simu Jumapili. Anasema kule Mufulira misa ni ndefu na benchi ni ngumu. Binti yake huchukua simu baada yake na kulalamika kwamba baba ameng'oa mchicha wote wa mbele ya nyumba, amepanda maua, na jirani wameanza kuja kuyaomba.